Barabara kuu haijakamilika bila pa kusimama

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa gari lake hupita katikati ya utajiri mkubwa. Baada ya Morogoro, barabara inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na twiga huonekana dirishani. Mbele yake kuna bonde la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu, kisha Mlima Kitonga: mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori yakijikongoja kwa gia ndogo. Ukivuka Iringa, unafika Isimila, penye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale. Lakini sehemu kubwa ya uzuri huo tunaipita mbio, kwa kuwa ni nadra kukuta mahali salama pa kuegesha na kupumzika, sembuse kulala. Hoja yangu ni kwamba maegesho ya kutazamia mandhari na kambi ndogo za vijiji vihesabiwe kuwa sehemu ya barabara yenyewe, kama yalivyo madaraja na mifereji.

Wenzetu wameshafanya hivyo. Norway ina njia 18 za kitaifa za mandhari, na mamlaka ya barabara ndiyo iliyojenga humo maegesho, vyoo na majukwaa ya kutazamia mabonde. Jirani zaidi, Namibia ilibadili sheria mwaka 1996 ili jamii za vijijini zinufaike na wanyamapori na utalii katika maeneo yao, na leo baadhi ya jamii hizo zina kambi ambazo wenye magari ya kulala na mahema ya juu ya paa huzilipia. Kinachouzwa humo ni kitu rahisi: kivuli, maji, choo safi, kuni na utulivu. Ruaha Mbuyuni ina mibuyu na mto, na vitunguu vyake vinajulikana nchi nzima. Leo muuzaji hulikimbilia basi na ndoo yake, akiwa na dakika chache tu za kupatana bei. Msafiri aliyelala hapo atanunua kitunguu, kuku, mkaa na chai ya asubuhi, na fedha hiyo itabaki kijijini.

Wapo watakaosema magari ya kulala ni ya wageni wachache. Ni kweli hayajawa mengi, ila wanaokuja nayo hutafuta pa kulala, na shamba la Kisolanza, mbele ya Iringa, limewapokea kwa miaka mingi. Tena kambi si ya gari la kulala peke yake. Familia yenye hema inaihitaji, dereva wa lori anayesinzia anaihitaji, na abiria wa basi anayelazimika kuchimba dawa kichakani anahitaji choo chenye heshima. Hoja ya wanaohofia usalama ni nzito zaidi. Hata hivyo, msafiri aliyechoka huegesha popote, gizani, na hapo ndipo hatari ilipo. Eneo lenye uzio, taa na mlinzi anayejulikana kijijini ni salama kuliko ukingo wa lami. Kuhusu matunzo, tumeona vyoo vya umma vikioza kwa kukosa mwenyewe. Dawa yake ni kukikabidhi kijiji kambi kwa mkataba, kikusanye ada, na sehemu ya ada hiyo itengwe kwa maji, usafi na ukarabati.

Tusianze na makubwa. Wizara zinazohusika na ujenzi na utalii zichague sehemu tatu katika njia hii, yaani Ruaha Mbuyuni, Kitonga na Isimila. Kitonga yatosha maegesho mapana, mbali na kona. Kwingine kuwe na kambi. Na kila barabara kuu mpya inapochorwa, mahali pa kusimama pachorwe humo humo, kabla tingatinga la kwanza halijawashwa.