Kibali Kwanza, Tofali Baadaye

Askari anayetumikia mbali na kwao huwa na azma moja moyoni: kurudi likizo na kuongeza chumba nyumbani. Watoto wamekua, mama mzee amehamia, na kodi ya chumba cha nje ingesaidia kulipa karo. Azma hiyo ni njema, nasi twaisifu. Hata hivyo, wengi hudhani kwamba nyumba ikiwa yao, basi chumba cha nyongeza ni shauri lao wenyewe na fundi wao. Dhana hiyo yapotosha.

Hapa Uganda, sheria ya upangaji wa ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, hivyo aliye kijijini naye asijidhani yu nje ya sheria. Sheria ya usimamizi wa ujenzi ya mwaka 2013 nayo yakataza kujenga bila kibali cha kamati ya ujenzi ya mahali. Kuongeza chumba au kupandisha ghorofa ni ujenzi pia. Kibali kilichotolewa kwa nyumba ya kwanza hakivuki kuta zake.

Sababu yake si kuwasumbua wananchi. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini hauwezi kubeba ghorofa kwa sababu tu mwenyewe amepata fedha. Mwezi Machi 2006, huko Kalerwe, Kampala, jengo la kanisa lilianguka wakati wa mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 20 waliokuwa wakisali. Ukuta ukianguka hauulizi nani aliharakisha kazi. Kadhalika, chumba kilichojengwa juu ya mtaro huyapeleka maji ya mvua ndani ya nyumba ya jirani.

Basi, ndugu askari, afanye nini anayetaka kujenga? Kwanza, awe na hati inayothibitisha haki yake juu ya ardhi; na mwenye kibanja apatane na mwenye ardhi kwa maandishi. Pili, amwendee ofisa wa ujenzi wa mahali pake kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, amweleze kazi anayokusudia, na aulize ni kibali cha namna gani kinachohitajika, kwani kazi ndogo ina kibali chake. Tatu, michoro itayarishwe na wataalamu walioandikishwa. Nne, ada ilipwe kwa njia rasmi na risiti ihifadhiwe. Anayetaka fedha mkononi bila risiti hauzi kibali, anauza balaa. Tano, wakaguzi wakaribishwe kazi inapoendelea, na watu wasihamie kabla ya kibali cha kukaa kutolewa. Anayenyimwa kibali asianze kujenga kwa hasira, maana sheria imempa njia ya kukata rufani.

Twajua kwamba likizo ni fupi na ofisi nyingine huenda polepole. Kwa hiyo ombi lipelekwe mapema, kabla ya siku ya safari kufika, na nakala za karatasi zote ziachwe kwa mke, mume au ndugu atakayesimamia kazi. Maofisa wa ujenzi nao wakumbuke kwamba kumzungusha mwombaji bila sababu ni kumsukuma avunje sheria.

Liko jambo moja zaidi. Nyumba isiyo na kibali ikivunjwa, polisi ndio huitwa kulinda amani, huku mwananchi akilia na mabati yake yakiwa chini. Ni aibu iliyoje iwapo anayesimama pale kuitetea sheria, kwake nyumbani ameivunja! Sare si kibali, wala cheo si mchoro. Akiba ya miaka mingi yaweza kupotea katika asubuhi moja, na hapo majuto ni mjukuu. Askari na awe wa kwanza kubisha hodi katika ofisi ya ujenzi, ili chumba atakachowajengea wanawe kisimame, nao walale humo bila hofu.