Nani Yuko Juu ya Nani?

Vijana wetu wamebishana: katika Alfu Lela Ulela, ni nani aliye juu ya wenziwe? Mwanzoni hesabu ilitupendeza kwa wepesi wake. Ndugu sita wa kinyozi wamo katika maneno ya kinyozi. Kinyozi yumo katika kisa cha mshoni. Mshoni yumo kinywani mwa Shahrazad. Naye Shahrazad asimuliwa na msimulizi asiye na jina.

Lakini kinyozi yule, msemaji mno ajiitaye Mnyamavu, hakukaa mahali pake. Mshoni alikisimulia kisa chake mbele ya mfalme wa Uchina, ili yeye na wenziwe wasinyongwe kwa kifo cha kibyongo. Mfalme akaamuru kinyozi aletwe. Akaja, akautoa mwiba wa samaki kooni mwa kibyongo, na aliyedhaniwa maiti akapiga chafya! Aliyekuwa hadithi tu akapanda hadi barazani pa aliyemsimulia.

Hapo tukaifuta orodha yetu. Shahrazad yu juu yao wote hao, lakini hadithi zikimwishia usiku, asubuhi ni upanga. Uhai wake umo mikononi mwa watu walio chini yake, hata wale ndugu sita.