Mwenye Shahada Anapotaka Kuwa Muuguzi

Yako mawazo yaliyoenea miongoni mwa wanafunzi wetu, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu, kwamba aliyekwisha kupata shahada ya fizikia au ya historia hawezi tena kubadili kazi, na kwamba uuguzi ni wa wale waliokosa nafasi kwingine. Mawazo yote mawili ni potofu, na historia ya mafunzo ya uuguzi nchini Marekani yaonyesha hivyo.

Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nchi hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Chuo cha Vassar, katika jimbo la New York, kiliwapokea wanawake zaidi ya 400 waliokuwa na shahada za fani mbalimbali. Kwa majuma 12 walifundishwa anatomia, fiziolojia, kemia, elimu ya bakteria na lishe. Kisha walipelekwa hospitalini kuendelea na mafunzo, ambayo kwao yalipunguzwa kutoka miaka 3 ya kawaida hadi miaka 2 na ushei. Waliingia wodini wakati ule ule homa ya mafua ilipokuwa ikiua watu kwa wingi. Baadaye, mwaka 1934, Chuo Kikuu cha Yale kiliweka sharti kwamba kila aingiaye katika shule yake ya uuguzi awe na shahada ya kwanza. Siku hizi ziko kozi nyingi za namna hiyo, nyingine za miezi 11 hadi 18 tu. Nao wahitimu wake hufanya mtihani ule ule wa leseni wanaoufanya wauguzi wengine.

Ni kitu gani hasa kinachofupishwa? Hapo ndipo penye hoja. Mwenye shahada ya biolojia hana haja ya kufundishwa tena seli ni nini, wala namna ya kusoma jedwali la takwimu. Mwenye shahada ya fasihi atalazimika kwanza kuyasoma masomo ya msingi ya sayansi, na ni haki alazimike. Lakini hakuna shahada inayoweza kuhesabiwa badala ya saa za kitandani kwa mgonjwa.

Tutazame mfano mmoja. Mgonjwa wa kisukari ameandikiwa yuniti 8 za insulini. Ikiwa kila mililita ina yuniti 100, kipimo chake ni mililita 0.08. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Hata hivyo, nukta ikisogea mahali pamoja tu, mgonjwa hupewa yuniti 80, na sukari katika damu yake inaweza kushuka hata akapoteza fahamu na kufa. Mwanabiolojia aijua vema kazi ya insulini. Ila kumtambua mgonjwa aliyeanza kutoka jasho, kutetemeka na kujibu yasiyopatana na swali, usiku wa manane katika wodi iliyojaa, ni jambo analojifunza akiwa wodini chini ya muuguzi mzoefu.

Kwa hiyo nawaunga mkono wanaotaka mlango huu ufunguliwe na vyuo vikuu vyetu pia, lakini siungi mkono kila kozi fupi. Wauguzi wa siku nyingi hunung'unika kwamba mtu aliyeingia jana hutunukiwa shahada ya uzamili, hali wao, wenye stashahada na miaka 20 ya kazi, hubaki walipo. (Manung'uniko hayo nimeyasikia ng'ambo na hapa nyumbani.) Naona wana haki. Mgeni apewe nafasi ya kujifunza, asipewe ukubwa juu ya wale wanaomfundisha. Na wenye stashahada nao wafunguliwe njia ya kupanda, tena kwa wakati huo huo.

Chuo kitakachotaka kuanzisha mafunzo haya kianze kwa kuhesabu wauguzi walio tayari kufundisha wodini. Wakiwa wanatosha wanafunzi 15, basi wapokewe 15, hata kama walioomba ni 200.