MASWALI YA KIINGEREZA: "Yes" Inapomaanisha Hapana

Nchini Uganda, Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini tangu siku za jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Na kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya kwanza, na ndicho kitumiwacho mahakamani. Kwa sababu hiyo, askari na watu wa nyumbani mwake hulazimika mara kwa mara kuyahamisha maneno yao kutoka lugha moja hadi nyingine. Makosa mengi yatokeayo hapo hayatokani na uvivu wa kujifunza. Hutokana na kuzifuata kanuni za Kiswahili, ambazo ni sahihi mahali pake, ndani ya lugha isiyozijua.

Swali liulizwalo sana ni la "yes" na "no". Shahidi akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukumwona mtu huyo?" naye hakumwona, hujibu, "Ndiyo, sikumwona." Neno "ndiyo" hapo lakubaliana na kauli ya muulizaji. Kiingereza hakitazami kauli ya muulizaji. Hutazama tendo lenyewe. Ikiwa halikutendeka, jibu ni "No, I didn't." Ikiwa lilitendeka, jibu ni "Yes, I did." Basi shahidi huyo akiulizwa "Didn't you see him?" akajibu "Yes" na kunyamaza, karatasini itaandikwa kwamba alimwona. Dawa yake ni kutoishia kwenye neno moja. Aseme jibu zima: "No, I didn't see him."

La pili ni "he" na "she". Kiswahili husema "alikuja" kwa mwanamume na kwa mwanamke, wala hakuna anayetatizika. Kiingereza hudai jinsia itajwe. Jambo la kukumbuka ni kwamba "his" na "her" humfuata mwenye kumiliki, si kinachomilikiwa. "Asha na mumewe" ni "Asha and her husband", ijapokuwa mume ni mwanamume. Mjane anayeandika barua ya kudai haki za marehemu mumewe, akiandika "his husband", huweza kumfanya karani asijue ni nani aliyefariki.

La tatu ni saa. Kiswahili huanza kuhesabu saa tangu kuchwa na kupambazuka kwa jua. Kiingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Kiganda nacho huhesabu kama Kiswahili, kwa hiyo kosa hili humnyemelea hata asiyezaliwa na Kiswahili. "Saa mbili usiku" ni "eight o'clock in the evening", au 20.00 kwa hesabu ya kijeshi. Anayeandika "two o'clock at night" ameusogeza mkasa mbele kwa muda wa saa sita, na huenda amemtia hatiani mlinzi wa zamu nyingine. Siku nazo zahitaji uangalifu: "usiku wa kuamkia Jumatatu", kabla ya saa sita, kwa Kiingereza bado ni "Sunday night".

La mwisho ni la majirani. Neno "kuazima" la Kiswahili hutumika kwa anayetoa na kwa anayechukua. Kiingereza hutenganisha: anayetoa ni "lend", anayechukua ni "borrow". Anayehitaji pasi ya jirani husema "Please lend me your iron," au "May I borrow your iron?" Kusema "borrow me" ni kosa, kwa sababu "borrow" ni kazi ya mwombaji mwenyewe.

Kuuliza si ujinga. Mtu aliyeandikiwa maelezo yake kwa Kiingereza aombe asomewe yote, tena kwa lugha anayoielewa, kabla ya kutia sahihi. Asikilize hasa mambo matatu: aliona au hakuona, alikuwa mwanamume au mwanamke, na ilikuwa saa ngapi. Kosa likigunduliwa wakati huo, hurekebishwa kwa kalamu tu. Likigunduliwa mbele ya hakimu, huonekana kama uongo.