Vifo vya wajawazito: Safari ya hatari sasa huanzia langoni mwa hospitali

NI miji michache nchini Kenya ambako hospitali iko karibu na mwananchi kama ilivyo katika kisiwa cha Mombasa. Mama anayeshikwa na uchungu usiku huko Kibokoni au Kuze, katika vichochoro vya Mji wa Kale ambamo gari haliwezi kupita, hutembezwa hatua chache hadi barabara pana, akapandishwa tuktuk, na baada ya muda mfupi huwa amefika katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi huiita Makadara. Hospitali ya Tudor nayo iko kisiwani, na walio na uwezo wana Pandya, Aga Khan na Mombasa Hospital.

Kwa sababu hiyo, swali lililoulizwa kwa miaka mingi kuhusu vifo vya kina mama katika nchi zinazostawi, yaani kwa nini mama hakufika hospitalini, halitoshi tena kisiwani humu. Swali zito zaidi ni hili: mbona mama aliyefika bado anafariki?

Takwimu za kitaifa zinaonyesha uzito wa swali hilo. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa 2008-09 ulionyesha kwamba asilimia 44 pekee ya wanawake walizalishwa na wahudumu wenye ujuzi. Kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 62 mwaka 2014, kisha asilimia 89 mwaka 2022.

Ingekuwa kufika mbele ya mhudumu ndiyo dawa pekee, vifo vingepungua kwa kasi iyo hiyo. Sivyo ilivyokuwa. Makadirio ya 2008-09 yalikuwa vifo 488 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ya 2014 yakawa 362. Na Sensa ya 2019 ikatoa 355. Hata ikizingatiwa kwamba tafiti hizo hazikutumia mbinu moja ya kuhesabu, nchi bado iko mbali na lengo la dunia la kushusha vifo hivyo chini ya 70 ifikapo 2030. Ikumbukwe kwamba kampeni ya kimataifa ya uzazi salama ilizinduliwa papa hapa Kenya, jijini Nairobi, mwaka 1987.

Jibu la swali hilo lilianza kuonekana mwaka 2018, Wizara ya Afya ilipotoa ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri kuhusu vifo vya wajawazito. Wataalamu walipitia mafaili ya wanawake 484 waliofariki mwaka 2014 katika hospitali kubwa nchini. Walibaini kwamba kuvuja damu kulisababisha takriban vifo vinne kati ya kila kumi. La kusikitisha zaidi ni kwamba zaidi ya wanawake tisa kati ya kumi hawakuwa wamepata matibabu ya kiwango kinachostahili. Hawa hawakufia nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi. Walifia vitandani, wakiwa na nambari za wagonjwa na kadi za kliniki.

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mjamzito huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta msaada, wa kufika hospitalini, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa mkazi wa kisiwa cha Mombasa, ucheleweshaji wa pili umepungua mno. Wa tatu ndio uliosalia, na ndio ambao familia haina uwezo wa kuuondoa.

Kuvuja damu hakusubiri. Mfuko wa uzazi usipokaza baada ya kondo la nyuma kutoka, mama anaweza kupoteza uhai kwa muda wa saa mbili. Katika muda huo panahitajika mkunga wa kugundua hatari mapema, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ambayo haikuharibika kwa joto, daktari wa upasuaji aliye karibu, na damu ya kundi linalofaa. Kimoja kikikosekana, vingine huweza kuwa bure.

Ugunduzi wenyewe umekuwa tatizo, kwani kwa miaka mingi damu imekuwa ikikadiriwa kwa macho. Utafiti wa E-MOTIVE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na zaidi ya wanawake 200,000. Wakunga walipewa shuka maalumu ya plastiki yenye mfuko wa kupimia damu, wakafundishwa kuanza tiba zote kwa pamoja badala ya kujaribu moja baada ya nyingine. Matukio ya kuvuja damu kwa wingi, pamoja na madhara yake makubwa, yalipungua kwa asilimia 60. Kilichofanya kazi hapo si mtambo wa mamilioni ya fedha, bali ni shuka, dawa zinazojulikana na utaratibu.

Suala la damu ni gumu zaidi. Mombasa ina kituo cha kanda cha huduma ya taifa ya damu, huduma iliyojengwa baada ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi kufichua udhaifu wa akiba ya nchi. Kwa muda mrefu huduma hiyo ilitegemea ufadhili wa Marekani, uliokoma mwaka 2019. Isitoshe, watoaji wakubwa wa damu nchini wamekuwa wanafunzi wa shule za sekondari. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Katika mwezi wa Ramadhani pia, Waislamu wengi hawatoi damu wakiwa wamefunga. Uchungu wa kuzaa, hata hivyo, haufuati kalenda ya shule wala mwandamo wa mwezi. Jamaa huishia kuambiwa watafute watu wa kutoa damu wakati mgonjwa wao tayari yuko hatarini.

Ni lazima pia takwimu za hospitali ya rufaa zisomwe kwa uangalifu. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mama anayetoka kusini mwa Pwani huenda akalazimika kuvuka kivuko cha Likoni kwa feri akiwa tayari amepoteza damu nyingi. Kifo chake kikiandikwa kisiwani, chanzo chake huenda kilikuwa katika zahanati iliyokosa dawa, au ambulensi iliyokosa mafuta. Kumlaumu muuguzi wa zamu aliyempokea dakika za mwisho ni kukwepa ukweli.

Kuna pia suala la fedha. Juni 1, 2013, serikali ilitangaza huduma za bure za kujifungua katika hospitali za umma. Baadaye ukaja mpango wa Linda Mama chini ya NHIF, uliomsajili mjamzito bila malipo. Tangu Oktoba 2024, NHIF imechukuliwa nafasi na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo humtaka mwananchi awe mwanachama anayelipa, kiasi cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Kwa mke wa hamali wa Majengo asiye na kipato cha uhakika, hofu ya malipo inaweza kurudisha ule ucheleweshaji wa kwanza uliokuwa umeanza kusahaulika.

Migomo nayo imeacha funzo. Mgomo wa madaktari uliodumu siku 100 hadi Machi 2017, na ule wa wauguzi uliofuata mwaka uo huo kwa takriban miezi mitano, ulionyesha kwamba jengo lisilo na wahudumu si hospitali. Mgomo mwingine wa madaktari mwaka 2024 ulichukua siku 56. Tangu 2013 mzigo wa kuajiri wahudumu uko mikononi mwa kaunti, na mkazi wa Mombasa ana haki ya kuiuliza kaunti yake ni wakunga wangapi wako zamu usiku.

Lakini maswali hayo huulizwa nadra. Katika Mji wa Kale, maiti huzikwa upesi kama dini inavyoelekeza, na jamaa hujiliwaza kwamba siku za marehemu zilikuwa zimetimia. Subira hiyo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kuamini kadari hakujapata kumzuia Muislamu kutafuta tiba, wala hakumzuii kuuliza kilichotokea.

Mwongozo wa serikali wenyewe unaagiza kila kifo cha mjamzito kiripotiwe ndani ya saa 24 na kichunguzwe ndani ya siku saba. Nia si kumtafuta wa kufungwa, bali ni kujua pengo lilikuwa wapi. Uchunguzi huo hauna maana ukifungiwa kabatini. Jamaa waelezwe kwa heshima, na kaunti itangaze kila mwaka, bila kutaja majina, ni vifo vingapi vilitokea, vingapi vingezuilika, na ni nini kilichorekebishwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi. Kina mama wa Mombasa wametimiza wajibu wao: waliambiwa waende hospitalini, nao wakaenda. Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mzazi huyo akifia wodini, uchungu wake sharti ujulikane na wale waliopewa dhamana ya kumlinda.