Haki ya Furu

Baina ya mwaka 1983 na mwaka 1986, katika Ghuba ya Mwanza, mbele ya macho ya wataalamu waliokuwa wakivua na kuhesabu, walitoweka samaki ambao wengi wao hawakuwa hata wamekwisha kupewa majina katika vitabu vya elimu. Na jambo hilo, ambalo wachunguzi wa viumbe hulihesabu miongoni mwa misiba mikubwa kabisa iliyowapata wanyama wenye uti wa mgongo katika zama zetu, lilipita hapa kwetu pasi na tanzia wala matanga, na aghalabu pasi na mtu wa kulisimulia. Samaki wenyewe ni furu.

Kila aliyelelewa kandoni mwa Ziwa Viktoria amjua furu, na labda kwa sababu ya kumjua huko ndiyo maana hatukumpa hadhi. Ni samaki wa kiganja, mwenye miiba mingi, wa kuvuliwa na watoto kwa ndoana ya kijiti, wa kuanikwa juani na kuuzwa kwa mafungu; naye akiwekwa kando ya ngege au sato, mnunuzi mwenye fedha hampi jicho la pili. Lakini chini ya jina hilo moja walikusanyika viumbe wa spishi zaidi ya 500, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Na wenye elimu ya ardhi wanatwambia kwamba ziwa hili lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, hata maji yalipojaa tena, furu wakagawanyika na kubadilika kwa kasi ambayo mfano wake ni nadra kuonekana katika historia ya viumbe. Wako waliokula tope la sakafuni, wako waliokwangua ukungu wa kijani juu ya mawe, wako waliovunja konokono kwa mataya, wako waliojifunza kuwanyang'anya akina mama vifaranga walivyovitunza vinywani, maana furu jike huatamia mayai yake kinywani, halafu huvitunza humo vitoto vyake mpaka viweze kujitegemea. Furu wa kwenye miamba, ambao watu wa pwani hizi huwaita mbipi, waliweza kutofautiana kwa rangi na kwa maumbile baina ya kisiwa na kisiwa, ijapokuwa mkono wa maji unaovitenga ni mwembamba wa kuvukwa kwa kasia.

Hazina hiyo haikuangamizwa na kudura isiyozuilika. Iliangamizwa kwa uamuzi, na uamuzi huo una tarehe. Mwaka 1927 na 1928, Mwingereza Michael Graham alitumwa kulipima ziwa, kwa kuwa ngege walikuwa wamekwisha kupungua tangu nyavu za makila za kigeni zilipoingizwa upande wa Kisumu mwaka 1905. Naye katika taarifa yake alishauri kwamba nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zikatazwe, na akaonya kwamba kumtia ziwani samaki mkubwa mla samaki ni jambo la hatari lisilofaa kutendwa kabla ya uchunguzi mrefu. Onyo lilikuwa wazi na lilichapishwa. Hata hivyo, kufika miaka ya 1950, sheria ya nyavu ilikuwa imeanza kulegezwa, na fikra ilikuwa imetamalaki baina ya baadhi ya maofisa wa serikali za kikoloni kwamba furu ni samaki duni, kwamba wingi wao ni mali inayopotea bure, na kwamba akipatikana samaki mkubwa wa kuwala, ule uduni utageuka mnofu wa kuuzwa na mchezo wa kuwafurahisha mabwana wenye kupenda kuvua kwa fimbo. Wanasayansi waliopinga walikuwapo, na hoja zao zilikuwa na uzito. Lakini mabishano yalipokuwa yakiendelea, sangara walikwisha kutiwa majini kwa siri upande wa Uganda mwaka 1954, na mwaka 1962 na 1963 wakatiwa tena kwa ruhusa. Mvuvi wa Ukerewe, wa Kome au wa Musoma hakuulizwa rai yake. Ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ambalo nusu yake na ushei ni ya Tanzania, lilibadilishwa na watu wachache mno, wasiotazamia kuishi kandoni mwake wala kuzikwa katika ardhi yake.

Ilichukua muda sangara kuenea. Mwaka 1977 wachunguzi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ambao miongoni mwao alikuwamo Frans Witte, walifika Mwanza kushirikiana na wataalamu wetu, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kupima kama furu wanaweza kuvuliwa kwa wingi na merikebu za kukokota nyavu, kwani palikuwa na kiwanda kilichowasaga kuwa chakula cha kuku. Walikuta furu ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa sakafuni. Wakaanza kuwaainisha, na kila wavu ulipopandishwa ulikuja na sura isiyojulikana. Ghafula, ndani ya miaka michache tu, nyavu zilezile, katika maji yaleyale, zikawa zapanda na sangara na dagaa, na furu hawafikii hata asilimia moja. Wachunguzi hao walikadiria baadaye kwamba yamkini spishi 200 zimepotea. Mtu aliyekuja kuandika orodha ya walio hai akajikuta anaandika orodha ya marehemu, na sidhani kwamba katika historia ya elimu ya nchi hii imepata kutokea kazi yenye simanzi kuliko hiyo.

Insafu yataka tuseme pia yaliyo upande wa sangara. Jiji la Mwanza la leo limejengwa kwa kiasi kikubwa na minofu yake. Viwanda vilivyoinuka miaka ya 1990 viliwapa maelfu ya watu riziki, mabondo yake yanauzwa hata Asia ya Mashariki kwa bei ambayo babu zetu wasingaliisadiki, na aliyesomeshwa kwa fedha ya sangara hana sababu ya kumwonea haya. Fauka ya hayo, si kila kifo ni cha kumbebesha yeye. Ningu, aliyekuwa akipanda mito kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alimalizwa na nyavu zilizotandazwa midomoni mwa mito hiyo kabla sangara hajafika huku. Na ngege na mbiru walidhoofishwa kwanza na uvuvi wa kupindukia, halafu na sato, ambaye naye ni mgeni aliyeletwa miaka ileile ya 1950, akawanyima nafasi ya kuzaa na hata kuchanganya damu nao. Nalitaja hilo kwa sababu wako wanaopenda kumfanya sangara kuwa mshitakiwa pekee, na mshitakiwa akiwa mmoja, sisi wengine hupata faraja tusiyoistahili.

Maana liko dhara jingine linaloendelea, nalo hatukuletewa na ofisa yeyote wa kikoloni. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake, awe mwekundu au wa samawati. Na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walidhihirisha, kwa uchunguzi uliofanywa katika maji haya haya yetu, kwamba mahali ambapo maji yamekuwa machafu na mwanga umepotea, majike hushindwa kutambua rangi, jamii zilizokuwa mbalimbali huchanganyika, na mwishowe hubaki furu wa rangi moja iliyofifia pale palipokuwa na wengi waliotakata. Basi udongo unaoporomoka kutoka mashamba yasiyo na matuta, mbolea inayochuruzika na mvua, na taka za mji zinazobebwa na Mto Mirongo mpaka ziwani, vyote hivyo vyaua spishi bila ya kumwaga damu. Mti uliokatwa mlimani Misungwi una habari na samaki wa mwambani.

Na hasara si ya vitabu tu. Furu waliokula konokono walikuwa wakila pia wale wanaobeba kichocho, maradhi ambayo watoto wa mialo yetu wanayajua. Na waliokula ukungu na tope walikuwa wakifanya sehemu ya kazi ya kulisafisha ziwa. Tuliwaita samaki duni, nao walikuwa watumishi.

Habari ya kutia moyo ni kwamba si wote waliokufa. Tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana na wakubwa wakapungua, baadhi ya furu walianza kurejea katika ghuba. Na miongoni mwa waliorejea walionekana wenye matamvua mapana kuliko ya wazazi wao, kana kwamba wamejifunza kuvuta pumzi katika maji yaliyopungukiwa na hewa. Ngege nao wamesalia katika vijiziwa vilivyotengwa na ziwa kuu kwa mafunjo mazito, kama Kanyaboli upande wa Kenya, kwa kuwa maji ya mafunjoni yana hewa kidogo na sangara hapendi njia hiyo. Lakini furu huyo aliyerejea leo anavuliwa kwa kokoro na kwa timba, au anachomwa ndoana angali hai ili awe chambo cha kumkamatia sangara, na hakuna anayejua kama huyo aliye ndoanani ni wa mwisho wa ukoo wake.

Nchi yetu haikosi ari ya kuhifadhi. Rubondo, ambako sokwe waliletwa baina ya 1966 na 1969 kutoka hifadhi za wanyama za Ulaya, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, mwaka uleule wachunguzi wa furu walipofika. Na Saanane, iliyo ndani ya jiji la Mwanza lenyewe, ilipewa daraja hiyo mwaka 2013. Nazipongeza. Ila naona ajabu kwamba mgeni wa Saanane huvushwa kwa boti akaonyeshwa pundamilia na pimbi, asiambiwe kwamba juu ya mawe yaleyale, mita chache chini ya maji, waliishi na pengine wangali wanaishi viumbe ambao dunia nzima haina mfano wao, hali faru wa Ngorongoro ana jamaa zake Kenya na Afrika ya Kusini. Taarifa ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile ya mwaka 2018 ilisema kwamba katika viumbe wa majini wasiopatikana ila katika bonde la ziwa hili, yapata robo tatu wamo hatarini. Na ajaye Tanzania kutazama wanyama hupelekwa Serengeti moja kwa moja.

Nani asemaye kwamba wavuvi hawatakubali kufungiwa maji? Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi nne, nalo ni ziwa zima. Mimi sidai ziwa zima. Nadai sehemu chache, ndogo, za miamba na ghuba zenye mazalia, zichaguliwe pamoja na vikundi vya wavuvi wenyewe vya kusimamia rasilimali, zifungwe moja kwa moja, na anayezilinda apewe posho kama anavyopewa askari wa hifadhi. Nadai kwamba vijiziwa ambamo ngege wamesalia visitiwe sato wala sangara kwa jina la maendeleo, na mafunjo yake yasichomwe. Kwamba vizimba vya kufugia samaki, ambavyo serikali imevikopesha kwa wananchi wa huku na ambavyo kwa hakika ni riziki njema, visiwekwe juu ya mazalia wala mahali pasipopita maji, kwa kuwa mabaki ya chakula chake yaongeza ukungu uleule. Na kwamba furu waliobaki hai katika matangi ya Ulaya na Marekani tu, wakitunzwa huko na watu wasiopata kuliona ziwa, wawe na wenzao katika mabwawa ya Nyegezi, penye chuo cha uvuvi na wanafunzi wanaojifunza kufuga samaki wa kigeni.

Ghuba ya Mwanza imezungukwa na Ilemela, Nyamagana, Misungwi na Sengerema. Mabaraza yote manne hukaa na kupitisha bajeti, yote hupokea ushuru unaotoka majini, na kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) kina wataalamu wanaoweza kuwaonyesha madiwani, kwenye ramani, ni miamba ipi ingali na furu wa rangi. Kuyatenga mawe matano au sita kabla ya msimu ujao wa mvua hakuhitaji mkataba wa kimataifa, wala kusubiri msaada. Kwahitaji kikao kimoja cha pamoja, na nawasihi waheshimiwa wakiitishe.