Msiseme mkimbizi ndiye alimaliza Gishwati



Kila mradi wa miti ukija, tunasikia maneno yaleyale: wakimbizi ndio wanamaliza misitu. Hebu tuangalie Gishwati, hapa juu yetu.

Zamani ule msitu ulikuwa na hekta kama 28,000. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikatwa kupata malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari, katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Baada ya 1994 wakaja watu waliorudi kutoka uhamishoni. Hawakuwa na pa kwenda, wakalima na kuchunga kwenye kilichobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta kama 600 tu. Kwa hiyo ndiyo, wakimbizi wamo kwenye hiyo habari. Lakini si wao walioianza.

Na hasara ni yetu sote. Mlima mtupu haushiki maji. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, ukabeba nyumba huku Rubavu. Nchini walikufa watu zaidi ya 130. Mvua ilikuwa kali mno, msitu peke yake usingeizuia yote, ila ungepunguza.

Ndiyo maana mimi naunga mkono kurudisha miti ya asili. Gishwati na Mukura sasa ni hifadhi ya taifa, na tangu 2020 UNESCO inaitambua. Sokwe bado wako. Siku hizi kuna pesa za hewa ya ukaa pia: mti unafyonza, mwenye viwanda analipa. Sawa kabisa. Lakini mchungaji aliyeambiwa aondoe ng'ombe leo, atakula nini wakati mti unakua miaka 20? Asipopata jibu, atawarudisha usiku. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyohivyo.

Basi ninaomba mambo mawili. Msihesabu miche iliyopandwa siku ya picha. Hesabuni iliyo hai baada ya miaka 3, na mlipe anayeitunza. Pili, sheria ya Rwanda inaruhusu mkimbizi kufanya kazi. Tupeni kazi kwenye vitalu, pamoja na vijana wenyeji, tuoteshe umusave na mianzi, siyo mikaratusi tu.

Wewe unaonaje? Andika hapa chini.